Barua ya wazi kwa Kamisheni ya Dhamana ya Ontario

Waheshimiwa, Toronto, Kanada,

Salamu nyingi kutoka Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hatujambo, ukiacha vita, barabara na bei ya mafuta ya taa.

Tumesikia mna kazi nzito: kujua wakubwa wa makampuni yanayouza hisa ni akina nani, wametoka wapi, na walikuwa wakifanya nini kabla ya kuwaomba watu fedha. Poleni. Huku kazi hiyo tunaifanya kila siku, tena bila mshahara. Toka Baraka uelekee Misisi, utakuta kamba imekatiza barabara. Kijana mwenye bunduki begani na daftari la shule mkononi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, atakuuliza jina lako, la baba, la babu, kijiji cha babu, na kwa nini lafudhi yako ni ya kule na si ya huku. Karte ya mpiga kura ataigeuza mbele na nyuma, kisha atakwambia haitoshi. Wapo waliorudishwa walikotoka kwa sababu ya babu, na wapo ambao hawakurudi kokote. Anayepita hulipa, hata babu yake awe malaika.

Ndiyo maana tunataka kuwasaidia, maana ile kesi yenu ya Katanga Mining ilitutia huruma.

Kampuni hiyo, ambayo Glencore ya Uswisi ilimiliki sehemu kubwa, ilichimba shaba na kobalti Kolwezi na kuuza hisa katika soko la Toronto. Novemba 2017 ilikiri kwamba hesabu zake za nyuma zilikuwa na kasoro, na wakurugenzi watatu kutoka Glencore wakajiuzulu. Desemba 2018 mkafikia nao mapatano. Shaba ilikuwa imehesabiwa vibaya, na wenye hisa hawakuambiwa sawasawa hatari ya kampuni kumtegemea Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israel na rafiki wa Joseph Kabila, Rais wa Kongo wakati huo. Kampuni peke yake ikatozwa karibu dola milioni 30 za Kanada. Aristotelis Mistakidis, bosi wa shaba wa Glencore, akatozwa milioni 2.45 na kukatazwa kushika uongozi wa kampuni za soko lenu kwa miaka 4. Mtu huyo ni bilionea. Pale kwenye kamba yetu, kwa kulinganisha mifuko, mwenye baiskeli hutozwa zaidi.

Hapo ndipo tulipojiuliza: historia ya watu hawa ilikuwa imefichwa wapi? Gertler, ambaye hukana kosa lolote, hakuokotwa porini. Mwaka 2000 kampuni yake ya IDI ilipewa ukiritimba wa kununua almasi za Kongo, na jopo la Umoja wa Mataifa likaliandika jambo hilo katika ripoti yake ya Aprili 2001. Ripoti iko wazi, kwa Kifaransa na Kiingereza, na kuisoma hakuhitaji kuvuka kamba yoyote. Ninyi mlikuwa na karatasi zote, ila hamkuwa na njaa ya kuzisoma.

Misisi, kwenye dhahabu yetu, mwenye shimo huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa. Hana ofisi. Ana kandambili, deni kwa mnunuzi, na shimo lenye miti ya kuzuia udongo. Mchimbaji hateremki kabla ya kuuliza: huyu PDG timu iliyopita aliilipa? Miti ya shimo ni mipya au ameing'oa kwenye shimo lililobomoka? Siku dhahabu ilipotoka alikuwepo, au alikwenda Bujumbura "kutibiwa"? Majibu yanapatikana jioni moja kwa mama muuza ndagala, ambaye ndiye kamisheni yetu ya dhamana. Akisema "huyo hapana", shimo linakosa watu hata kama lina dhahabu. Mama huyo hasubiri miaka hesabu zirekebishwe, kwa kuwa anayezikwa humo chini ni mwanawe.

Msituambie Kolwezi ni mbali na Fizi. Namoya, jirani yetu huko Maniema, ilichimbwa na Banro, kampuni nyingine iliyokuwa katika soko la Toronto. Sisemi Banro ilidanganya mtu. Nasema Toronto tunaifahamu.

Jambo moja bado linatutatiza: aliyeibiwa mnampataje? Och-Ziff, mfuko wa New York, mwaka 2016 ulikubali kulipa dola milioni 412 kwa hongo zilizotolewa Kongo na kwingineko Afrika. Mwaka 2020 ukakubali kuwalipa waliokuwa wenye hisa wa Africo, kampuni ya Kanada iliyopoteza mgodi wa Kalukundi, dola milioni 136. Wenye hisa walitafutwa na kuhesabiwa. Wanaoishi juu ya Kalukundi hawakuwa na hisa, kwa hiyo hawakuwa na hasara. Mantiki hiyo hata kijana wa kamba hajaifikia.

Basi ombi letu ni dogo. Kabla ya kampuni kuuza hisa za udongo wa Kongo, wakubwa wake waje Fizi kwa juma moja, na mama wa ndagala awahoji kwa maswali yale yale. Hatutawauliza babu zao. Tutawauliza walimlipa nani, na nani hawakumlipa. Gharama za chakula ni juu yetu.

Mkikataa, tutaelewa. Desemba 2022 Glencore iliafikiana na serikali yetu kulipa dola milioni 180 kwa rushwa ya kati ya 2007 na 2018. Mwezi huohuo, ile miaka 4 ya Mistakidis ikaisha.

Wenu,
Mwananchi wa Baraka