Utangulizi wa Sevalojia ya Ziwani: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi, kaa vizuri. Taifa laweza kukosa mengi likaishi, lakini halisimami kabla ya kukubaliana muvi zake zikae wapi. Taaluma ya swali hilo ni sevalojia, na kuanzia Kasumulu hadi Matema, wilayani Kyela, mtaalamu wake ni mimi. Wengine wanajaza flashi tu.

Fasili. Seva ya muvi ni kompyuta inayohifadhi muvi zote za nyumba mahali pamoja na kuzitiririsha kwa Wi-Fi hadi kwenye runinga na simu. Mtiririko huo huishia ndani ya nyumba, hivyo hauli bando. Usiyeelewa sentensi hii, usiendelee.

Aina ya 1: Mnara. Kompyuta ya mezani. Hula umeme kupita kiasi, na umeme ukikatika huzimika palepale, hata kama diski ilikuwa katikati ya kuandika.

Aina ya 2: Kibao-uchi. Mfano wake ni Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019. Hula wati chache. Runinga yako ikishindwa kusoma faili la muundo wa H.265, ukakiomba kibao kiligeuze papo hapo, kitakuonyesha muvi kwa mkupuo wa picha moja moja.

Aina ya 3: Laptopu iliyopasuka kioo. Hapa tutakaa. Seva haihitaji kioo, na laptopu ina betri. Chipu za Intel za tangu 2011, nyingi, zina sehemu maalumu ya kugeuza video. Kadiri chipu ilivyo mpya ndivyo inavyoelewa miundo mingi zaidi.

Umuhimu wa betri hauonekani bila mkatikolojia, elimu ya kukatika kwa umeme. Kuna mkatiko-kope: taa zinapepesa tu. Kuna mkatiko-chai, wa muda wa kikombe kimoja, na kuna mkatiko-masika, ambao Kyela wanaufahamu. Betri nzima huvuka wa kwanza bila habari na wa pili kwa heshima. Lakini ruta imezimika! Seva iko hai, inatiririsha, na hakuna anayepokea. Hali hii naiita useva-mkiwa. Dawa yake: ruta nyingi hutumia volti 12, basi ipewe betri ya sola kwa kidhibiti chake. Na laptopu ikae mbali na magunia ya mpunga. Pumba huziba feni.

Uhifadhikaji. Muvi ya saa mbili kwa megabiti 5 kwa sekunde huchukua gigabaiti 4.5. Ekstano, yaani diski ya nje, ya terabaiti moja hubeba kama 220. Hizo ni singo, muvi za moja moja. Sizoni zina hesabu yake ya huzuni.

Programu. Plex hudai akaunti. Jellyfin, iliyochipuka kutoka Emby mwaka 2018, ni ya bure na haidai mtandao kukufungulia mlango, ndiyo ninayoiidhinisha. Zote mbili hutambua muvi kwa jina la faili: andika “Commando (1985)” nayo italeta bango na wahusika. Kutoka kibanda cha kujaza flashi, hata hivyo, faili huja likiitwa “KOMANDO ANODI LUFUFU PT 1”, na programu hushindwa kulitambua, au hubandika bango la muvi isiyohusika.

Je, kubadili jina kunatosha? La. Sauti ya Lufufu, mtafsiri wa muvi kwa Kiswahili, imelazwa juu ya ile ya awali, na hakuna kitufe cha kuzitenganisha. Anayoyasema Anodi, nyota wa muvi hiyo, huko si aliyoyasema 1985. Msimamo wangu: hiyo ni muvi nyingine kabisa, ipewe folda yake, na anayepinga alete hoja kwa maandishi.