Mwongozo kwa Mgeni Anayekuja Butembo na Kofia ya Waya

Umekuja Butembo, mashariki mwa Kongo, na kofia ya elektrodi na programu ya akili mnemba inayotambua sonona katika mawimbi ya ubongo, tena inayojieleza. Hongera.

Kwanza, usiingie na msafara wa magari. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 pande hizi. Wengi waliiita biashara ya wageni wenye misafara, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwenye kofia ya waya ajiandae kuulizwa.

Umeme wa ubongo hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Zima jenereta ya jirani, maana umeme wake huingia kwenye rekodi, isije ikapewa dawa yenyewe.

Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Mama aliyesuka jana kwa pesa yake, usithubutu kumwambia afumue. Arnelle Etienne, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alishabuni elektrodi zinazobanwa kati ya mistari ya misuko. Ungezitafuta kabla ya safari.

Ukionyeshwa usahihi unaokaribia asilimia mia, uliza kama rekodi ya mtu mmoja ilikatwa vipande, vingine vya kuifundisha mashine, vingine vya kuipima. Ikiwa ndivyo, mashine imemkariri mtu, sonona haiijui. Uliza pia ni watu wangapi. Hazina moja maarufu ya rekodi hizo, ya Lanzhou, China, ina wagonjwa 24 na wazima 29 waliovaa kofia ya elektrodi 128. Sidhani yumo aliyekimbia shamba lake Beni, jirani na Butembo.

Sasa yale maelezo ya programu inayojieleza. SHAP, mbinu ya 2017, hugawa sifa na lawama: kipimo kipi kimelisukuma jibu, na kwa kiasi gani. Skrini itakuambia ni mawimbi ya alfa ya paji la uso, kushoto ikitofautiana na kulia. Tofauti hiyo ilisifiwa miaka mingi, mpaka uchambuzi wa 2017 uliojumlisha tafiti kadhaa ukaona haifai kutambulishia ugonjwa. Hata hivyo, msomee mama. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atakupa maelezo yake: mauaji ya Beni tangu 2014, shamba la kakao lisilofikika, wanaovuna wengine, mawazo mengi, usingizi hamna. Programu imeeleza kwa nini yenyewe imejibu ndiyo. Hayo mengine haikuulizwa.

Muuzaji hatakutajia hili: mashine hizi hufundishwa kwa kuonyeshwa watu ambao daktari au dodoso lilishawatambua kwa maswali. Basi beba PHQ-9, dodoso la sonona la maswali tisa kwenye karatasi, tafsiri ya Kiswahili ipo. Haihitaji jeli wala betri.

Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Mama akijibu ndiyo, achana na skrini, mfikishe siku hiyo hiyo kwa mtu anayejua kutibu. Kama mtu huyo hukumtafuta kabla ya kuja, kofia usiitoe sandukuni.