Mhadhara Mkuu juu ya Terminali Pepe, kwa Faida ya Wakazi wa Sanya Juu

Imethibitika, kwa ushahidi ambao Mtaalamu, mtoa mhadhara huu, ameukagua na kuuridhia mwenyewe, kwamba kati ya Bomang'ombe na Kamwanga hakuna aliyelitafakari suala la terminali pepe kumzidi yeye, na kwa hiyo wakazi wa Sanya Juu, ambao hawakuuomba mhadhara huu, wanapongezwa kwa bahati yao.

Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, ulizoea mapema kuhudumia watu wengi juu ya mashine moja, na Linux, iliyofuata nyayo zake mwaka 1991, imeurithi ukarimu huo. Ndiyo maana kompyuta ya steshenari yenye Linux, ijapokuwa ina skrini moja, huficha terminali pepe, yaani skrini za maandishi matupu ambazo kila moja humdai mtu jina na neno la siri upya. Kiini cha Linux huruhusu hadi 63, ingawa kwa kawaida huandaliwa 6, idadi ambayo Mtaalamu anaiona ndogo kwa mtu wa hadhi yake. Mojawapo, badala ya maandishi, hubeba kikao cha picha, yaani madirisha, kipanya na mapambo ambayo umma huyadhani kuwa ndiyo kompyuta yenyewe.

Kutokana na dhana hiyo, kivinjari kikiganda, au kikistaki kama wasemavyo vijana wa stendi, mhudumu hukandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, na barua ya mteja ya kuomba kazi, ambayo haikuwa na kosa lolote, huangamia pamoja na kivinjari. Mjuzi hubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Madirisha hutoweka, skrini huwa nyeusi, na neno login hujitokeza. Neno la siri huandikwa bila hata nyota moja kuonekana, jambo lililowafanya watu wazima waitukane kibodi. Kisha kivinjari huuawa peke yake kwa amri ya pkill, na Ctrl, Alt na F2, au F7 kwenye mifumo ya zamani, humrudisha mtu kwenye barua yake.

Zito zaidi ni hili: mwenye duka akifunga skrini ya picha kwa neno la siri refu, akaenda kunywa chai, ilhali kwenye terminali ya tatu ameingia kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, na hakutoka, huko ni kufunga geti kwa kufuli mbili na kuacha mlango wa jikoni wazi. Amri loginctl list-sessions ingemwonyesha vikao vyote, na exit, iliyoandikwa palepale kwenye terminali ya tatu, ingemtoa.

Maswali yatapokelewa kwa maandishi tu, na hayatajibiwa kabla umeme haujarudi.