Senti Tatu kwa Galoni

Kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani,
Washington.

YAH: NAFUU YA PETROLI KUTOKA BAHARINI

Wizara hii ndiyo mwenye nyumba wa sakafu ya bahari ya Marekani: inagawa vitalu na kupokea mrabaha. Petroli ikipanda tu, wanasiasa huigongea mlango wakitaka vitalu zaidi, na mwenye gari huambiwa nafuu iko njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Mwaka 2009 idara ya takwimu za nishati ya serikali hiyohiyo ilipiga hesabu: pwani za Atlantiki, Pasifiki na mashariki mwa Ghuba ya Meksiko zikibaki zimefungwa, petroli ya mwaka 2030 ingekuwa ghali zaidi kwa senti 3 kwa galoni. Senti tatu, baada ya miaka ishirini na ushei! Dereva wa Ohio anaombwa asubiri kwa adabu.

Ya mwaka 2008 yangefaa kubandikwa ukutani wizarani. Julai 11 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Siku 3 baadaye Rais George W. Bush akafuta amri ya kuzuia uchimbaji baharini iliyowekwa na baba yake mzazi mwaka 1990. Kufikia Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40, na kwenye maeneo yaliyokuwa yamezuiwa hakikuwa kimetobolewa kisima kipya hata kimoja. Uchumi wa dunia ndio ulioanguka. Basi kama wizara inataka kushusha bei upesi, mbinu ipo: mabenki yafilisike tena.

Haki isemwe, mafuta mengi hushusha bei. Katikati ya 2014 pipa lilizidi dola 100. Januari 2016 likawa chini ya 30. Lakini mafuriko yale yalitoka kwenye miamba ya Texas na Dakota Kaskazini, ambako kisima huchimbwa kwa majuma. Mradi wa bahari kuu hula miaka, mara nyingi mwongo mzima.

Tena pipa likishatoka baharini huuzwa kwa bei ya dunia. Juni 2022 Marekani ilikuwa tayari mzalishaji mkubwa kuliko wote, na galoni ikapita dola 5 kwa vita vya Ukraine.

Ombi ni moja. Kila kitalu kinaponadiwa, wizara itangaze kwa herufi kubwa: petroli itashuka kwa senti ngapi, na mwaka gani.