Kitufe Kimoja, Amri Nne na Mitihani ya Darasa la Saba

Anza kwa kutafuta steshenari. Iwe na kompyuta moja ya mtumba, printa inayokohoa na umeme unaokuja ukipenda. Hapa Dirma, wilayani Hanang, hivyo vinatosha kukupa cheo cha fundi. Kisha kaa usubiri mwalimu.

Mwalimu atakuja na flashi yenye mitihani ya darasa la saba. Ukiichomeka utakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, kila moja na kishale chake.

"Kijana, mitihani yangu imeliwa."

"Shikamoo mwalimu. Haijaliwa, imefichwa."

Na kweli imefichwa tu. Kirusi hiki hakina haja na mitihani ya mtu. Kimezipa folda sifa ya kufichwa na sifa ya mfumo, kisha mbele yake kimepanga mafaili ya .lnk yenye majina yale yale, ili mtu akibonyeza akidhani anafungua mitihani, awe amekiamsha chenyewe. Dawa yake mafundi wa Katesh wanaijua kama wanavyojua namba zao za simu. Fungua dirisha jeusi la kuandikia amri, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ndiyo flashi. Amri ikimaliza, andika del E:\*.lnk. Dakika moja, shilingi mia tano mfukoni, mwalimu anakuombea dua.

Mtu mwenye akili huishia hapo. Lakini wewe umesoma Visual Basic miezi sita na cheti kimebandikwa ukutani juu ya bei za kopi. Wewe unataka kitufe. Kiwe kikubwa, cha kijani, kimeandikwa SAFISHA FLASHI, mteja akibonyeza mwenyewe na amri nne zitoke nyuma yake kwa foleni: ingia kwenye flashi, fichua, futa, nakili.

Wazee hawatakushangaa. Walishaiona kombaini kule Basotu, enzi za mashamba ya ngano ya shirika la umma NAFCO na msaada wa Kanada: inakata, inapura, inapepeta, inamwaga ngano, na dereva amekaa juu kama bwana harusi. Kombaini haikuuliza pale palikuwa malisho ya nani. Waliouliza ni wanakijiji wa Mulbadaw, kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985, nayo haikuwarudishia ardhi. Liweke hilo akilini, tutakutana nalo tukifika kwenye del.

Sasa andika programu yako vibaya. Njia nyepesi ni kuipa kila amri mstari wake: Shell "cmd /c cd E:\", chini yake Shell ya attrib, chini yake ya del, na ya mwisho ya kunakili. Inapendeza macho. Tatizo ni kwamba kila Shell inafungua dirisha jeusi jipya, na dirisha la kwanza likishaingia E linafungwa na kusahau kila kitu. Ni kama umemtuma mtoto wa kwanza aende kisimani, akaenda na kurudi, halafu ukamwambia wa pili, ambaye muda wote alikuwa jikoni, "Haya, teka maji." Atateka yaliyo karibu naye. Zaidi ya hapo, Shell haingoji. Watoto wote wanne wanatoka mlangoni kwa pamoja, wanasukumana, na anayenakili anaweza kumtangulia anayefichua.

Ukishalia kidogo utagundua kwamba amri zote zinaweza kukaa kwenye mstari mmoja na dirisha moja, zikiunganishwa na alama ya &. Hapo utajiona umefika. Hujafika, maana alama ziko tatu na tabia zao hazifanani. Fikiria ng'ombe kwenye josho. Kwa & moja, wa kwanza hata akianguka, wa pili anapita juu yake. Kwa && wa pili hapiti mpaka wa kwanza avuke salama. Kwa || wa pili anaitwa pale tu wa kwanza aliposhindwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilichagua & moja.

Nikaandika cd E:\ & attrib -h -r -s /s /d *.* & del *.lnk, nikaiweka programu kwenye uso wa kompyuta, ile sehemu yenye picha ya Mlima Hanang, nikabonyeza kitufe mbele ya mwalimu kwa madaha.

Kilichotokea ni hiki. Ukiwa kwenye C, yaani diski ya kompyuta yenyewe, cd E:\ peke yake haikuhamishi. Inaandika tu kwamba siku ukienda E utafikia hapo, kisha inakuacha ulipo, bila kulalamika. Hata && isingeniokoa, kwa sababu cd yenyewe inaripoti kwamba imefaulu. Inatakiwa cd /d, herufi moja tu. Basi attrib ikafichua mafaili ya duka, na del ikafuta kila .lnk iliyokuwa karibu nayo, yaani vijialama vya duka zima: Word, Excel, printa, folda ya madeni. Haikuuliza. Bosi alipoingia akakuta mlima mtupu.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha, bosi."

Hatua inayofuata ni kuficha ushahidi. Dirisha jeusi likiwaka na kuzima linatia wateja hofu, kwa hiyo iambie programu ilifungue bila kuonekana. Kisha tumia xcopy kunakili mitihani. xcopy ni mstaarabu: ikikuta mahali unaponakilia hapapo, inauliza kama ni faili au folda, ikikuta faili lenye jina hilo lipo tayari, inauliza ilifute au iliache. Inauliza ndani ya dirisha ulilolificha. Hakuna anayesikia, hakuna anayejibu, na programu yako, ambayo safari hii umeifundisha kungoja, inangoja. Kitufe cha kijani kinapauka, juu yake kunaandikwa kwamba programu haijibu, na mteja anaanza kuponda kibodi kama anatwanga mahindi. Kuna /y na /i za kuinyamazisha xcopy, lakini ukizitumia mapema mno utakosa burudani hii.

Msimu wa harusi ndio mtihani mkubwa. Jina la faili haliruhusiwi kuwa na mkwaju, kwa hiyo Bw/Bi ya kwenye kadi haipiti, na wateja huandika "Kadi ya Bw & Bi.docx". Ukisahau kulifunga jina hilo ndani ya alama za nukuu, dirisha jeusi linalikata katikati. Kadi ya Bw inakuwa mwisho wa amri ya kwanza, na Bi.docx inakuwa amri mpya, ambayo kompyuta inaikana hadharani kwamba haiitambui, si ya ndani wala ya nje. Ndoa nzima inavunjikia kwenye alama moja.

Usisahau kusoma namba ambayo kila amri inaiacha inapoondoka. Sifuri maana yake imefaulu. Namba nyingine, mara nyingi, ni balaa. Mwalimu niliyemweleza hivyo alinitazama kwa huruma. Kwa matokeo ya kidato cha nne ziro ni msiba wa ukoo, nami nilikuwa nikimwambia kompyuta yangu imepata ziro nne mfululizo huku natabasamu.

Siku ya tatu kitufe kilifanya kazi. Amri zilikuwa kwenye faili moja la .bat, cd ina /d yake, && ziko mahali pake, majina yamefungwa kwenye nukuu, xcopy imenyamazishwa. Nilimwita mwalimu, nikamwachia heshima ya kubonyeza. Amri ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, umeme ukakatika.

Tulikaa gizani kidogo. Kisha mwalimu akachomoa flashi yake, akaifuta kwa kanga.

"Yule kijana wa Katesh," alisema, "huwa anaandika kwa mkono tu."