Gogo Linalokoroma

Mwingereza akiuchapa usingizi, asubuhi hutangaza kuwa amelala kama gogo. Gogo gani hilo linalokoroma kama mashine ya kusaga? Ukimbana, anabadili: basi amelala kama pia. Pia, ile ile tuliyoichapa kamba utotoni! Ila hapo, kusema haki, ana hoja. Pia ikikolea mwendo husimama wima, kimya, hutambui kama inazunguka, na wenyewe husema imelala. Usemi wa kulala kama pia umo hata katika tamthilia ya Shakespeare na Fletcher iliyochapishwa 1634. Akiishiwa kabisa hukimbilia mtoto mchanga, aliyeamka saa nane, saa tisa na saa kumi za usiku. Aliyebuni usemi huo wa mtoto bila shaka ni baba, tena wa chumba cha pili.

Halafu Waingereza huagana walale "kwa kukaza". Wajuaji husimulia kuwa vitanda vya zamani viliwambwa kwa kamba, zikilegea unazikaza. Hadithi tamu, na aliyewahi kulala bondeni katikati ya kitanda cha kamba ataiamini mara moja. Kumbe neno lenyewe la Kiingereza zamani lilimaanisha "barabara" tu, basi. Kamba wameifunga wajuaji. Na taa ikizimwa, mtoto anatakiwa heri kunguni wasimuume. Alale vipi sasa?

Sisi tunacheka, nasi tunalala usingizi wa pono, samaki. Lakini baadhi ya pono hujifunika ute usiku mzima, kinga dhidi ya vimelea vinavyonyonya damu. Huyo angalau ana chandarua.