Baraka ya Sahani 13

Kosa lilianza kwa Shangazi. Usiku wa kuamkia Idi el-Fitri ya 2024, mwezi ulipokwisha kuandama, alitangaza kwamba kesho hapikwi kitu. "Tunakwenda baraka!"

Hapa Pemba, ile ya Msumbiji, si ile ya karafuu, kibanda cha chakula kinaitwa kwa Kireno *barraca*. Midomoni mwetu Wamwani neno hilo linatoka "baraka". Bibi ni mzaliwa wa Mucojo, na baraka anayoijua ni moja tu. Akashangilia kwamba mtu kafanya jambo la kheri siku ya Idi. Mimi ndiye niliyepaswa kumweleza. Nikaona aibu, nikanyamaza.

Asubuhi akatoka amejifunga kanga mpya, mkononi mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi hiyo ina historia. Mwaka 2020 vita vilipotukimbiza Mucojo, tulishuka mashuani kwenye ufuko wa Paquitequete, hapa mjini, pamoja na maelfu ya wenzetu. Vyeti vya kuzaliwa vyote vilibaki nyumbani. Mbuzi ilifika salama.

"Bibi, huko wanapika wenyewe."

"Mtu haendi kwenye shughuli mikono mitupu."

Tulikuwa sita, na mfukoni nilikuwa na metikali 2,400. Samaki wa kuchoma na wali ilikuwa 300 kwa sahani, hivyo nilijiona tajiri. Kijana wa kuhudumia, aliyezungumza Kireno zaidi ya Kimwani, akainama mbele ya Bibi na kuuliza kwa adabu kama anataka dozi nzima au nusu dozi. Kwao dozi ni kipimo cha chakula.

"Mwanangu," Bibi akajibu, "mimi siumwi. Nina njaa."

Wali ulipofika, akaonja, akatafuna polepole, akaweka kijiko chini. "Nazi imeupungia mkono tu wali huu." Akachukua mbuzi yake akaingia jikoni. Nilisikia ubishi kidogo, kisha nikasikia nazi inakunwa.

Aliporudi ndipo balaa likaanza. Kwetu Mucojo, siku ya Idi masinia hutoka ua huu kwenda ua ule, na ukimwacha mtu apite mlangoni bila kula umemtukana. Kibanda chetu kilikuwa kando ya njia itokayo msikitini. Kila kanzu iliyopita, Bibi aliinua mkono: "Karibuni! Karibuni baraka!"

Mswahili akikaribishwa kwa ustaarabu hujibu "starehe" na kwenda zake. Lakini harufu ya tui haijui ustaarabu. Akaketi mvuvi mmoja na wanawe wawili. Wakafuata wazee watatu waliomtambua Bibi, wakaanza kuulizana habari za Pangane, jirani na Mucojo, na minazi iliyoangushwa na kimbunga Kenneth mwaka 2019. Wa saba sikumjua. Naye hakutujua, ila alikula kuliko wote.

Hesabu ikaja: sahani 13, metikali 3,900. Nikamwinamia Bibi sikioni, nikamweleza maana ya *barraca*, mwaka wa nne tangu tufike mjini.

Alininyamazia kwa muda. Kisha akamwita mwenye kibanda.

"Mwanangu, umepungukiwa kiasi gani?"

"1,500, Bibi."

"Sahani ngapi hizo?"

"Tano."

"Basi Idi ya kurudi kwetu, njoo Mucojo ule tano. Mbuzi yangu iweke rehani."

Yule bwana akafungua daftari la madeni, akaandika: *Mucojo, sahani 5*. Safu ya tarehe akaiacha wazi.

Kesho yake nilikopa kwa Shangazi, chanzo cha yote, nikaenda kuikomboa mbuzi. Nikaikuta jikoni, ina machicha mabichi. Mwenye kibanda akazihesabu 1,500 zangu, akazitia mfukoni, akanirudishia mbuzi shingo upande.

"Na ule mstari wa daftarini, huufuti?"

"Wewe umelipa zako," akasema. "Sahani tano za Bibi bado namdai."